Harufu Ambayo Fundi Hakuisikia

Kabla ya kula chochote, Fundi alikinusa kwanza. Alishika tonge la ugali karibu na pua, akafumba macho, akavuta pumzi taratibu, ndipo akalitia kinywani. Alinusa maji ya kunywa. Alinusa shati lililotoka kufuliwa. Kule gereji alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakipitisha chini ya pua yake, akasema, "Hii imeingia maji," au "Hii imeungua, imwageni," na watu wakaimwaga bila kuuliza. Miaka yote tuliyokaa naye ukuta kwa ukuta katika laini, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba la mkonge, upande wa Taveta, sikumwona mtu akibishana na pua ile isipokuwa mume wangu, Mwakio, na hilo ndilo lililotutoa kule.

Alikuwa mtu wa Mombasa. Wengine walisema alitengeneza mitambo ya meli bandarini. Wengine walisema aligombana na mkubwa wake huko akaja bara kwa hasira. Mwenyewe hakusema. Ukimwuliza habari za nyuma alikujibu, "Ya jana yameoshwa," akainama tena kwenye kazi yake. Sisi Wadawida, watu wa Taita, tulioshuka milimani kutafuta mshahara tulimwita Fundi. Bwana Mkubwa, mwenye shamba, alimwita Fundi. Watoto wa laini walinong'onezana Fundi anakuja, wakatawanyika. Sijui kama palikuwa na mtu popote aliyemwita kwa jina lake.

Ulimi wake ulikuwa mkali na misemo yake ilikuwa mifupi. "Injini haina haya," alisema, akimaanisha kwamba ukiificha kasoro yake itakuja kukuaibisha mbele ya watu. Spana zake alizilaza juu ya kitambaa cha khaki, kila moja mahali pake, na ole wake aliyezichanganya. Siku moja nilimwona akimfukuza dereva wa trekta kuzunguka gereji nzima kwa sababu alitumia spana kugongea msumari. Kesho yake dereva yule alikuta breki za trekta lake, ambazo alikuwa amezilalamikia tangu mvua zilizopita, zimetengenezwa. Fundi akapita karibu naye bila salamu.

Ndivyo wema wake ulivyokuja, umekunja uso. Binti yangu Wakesho alipokuwa mchanga alishikwa na homa, akawa anatetemeka mikononi mwangu mpaka macho yakageuka. Mwakio alikuwa dereva wa lori la shamba na siku ile alikuwa amepeleka mzigo Mwatate. Fundi alinisikia kupitia ukutani. Aliingia bila kupiga hodi, jambo ambalo hakulifanya kabla wala baadaye, akasema, "Mfunike, twende." Alichukua gari la Bwana Mkubwa mwenyewe, lililokuwa gereji kwa matengenezo. Hakuomba ruhusa ya mtu. Zilikuwa siku za Hali ya Hatari, wakati wa Mau Mau, na Mwafrika kukutwa na askari ndani ya gari la mzungu, bila karatasi, lilikuwa jambo la kumlaza ndani. Alitufikisha zahanati ya Taveta, akakaa nje, mikono kwenye usukani, mpaka mtoto akachomwa sindano na kutulia. Nilipomshukuru alisema, "Gari lilitaka kujaribiwa." Na tangu siku ile hakuniuliza hali ya mtoto hata mara moja.

Chakula changu alikula, ila nyama hakuigusa mpaka awe amechinja mwenyewe. Basi kila Krismasi tuliyokuwa kule, Fundi ndiye aliyechinja kuku wetu, ili aweze kuketi nasi. Alikuja na kanzu nyeupe na kofia, akaketi wima, na Mwakio alipoombea chakula aliinamisha kichwa mpaka amina. Baada ya hapo wawili hao walianza kubishana juu ya injini na chai ikapoa mbele yao. Mwakio alikuwa mtu mpole, hakupaza sauti, lakini jambo likiwa ndani ya kichwa chake halikutoka. Nadhani Fundi alimpenda kwa hilo. Alimwita "mwanangu," neno ambalo sikumsikia akimpa mtu mwingine.

Siri yake niliijua bila kuitafuta. Asubuhi moja alipita kwetu na nikammiminia maziwa kwenye kikombe, na nilipokuwa narudisha kibuyu ndipo harufu iliponifikia. Yalikuwa yameoza. Kabla sijafungua mdomo Fundi alikuwa amekwisha kukileta kikombe puani. Alifumba macho, akavuta pumzi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Maziwa mazuri," alisema, akanywa.

Ulimi wake ulipoonja, uso ulibadilika. Hakutema. Alimeza, akakiweka kikombe chini polepole, tukatazamana.

"Mama Wakesho," alisema, "wewe si mtu wa maneno mengi. Nakuheshimu kwa hilo."

Akaondoka. Nikabaki nimeshika kibuyu. Pua ile tuliyoiogopa wote ilikuwa imekufa, labda miaka mingi, kwa petroli na moshi wa bandarini. Oili aliijua kwa rangi yake na kwa kuisugua kati ya vidole. Kule kunusa kulikuwa kwa ajili ya watazamaji. Nilipomweleza Mwakio alicheka, kisha akaacha kucheka. "Usilitaje popote," aliniambia. "Wakijua, watasema amezeeka, watamrudisha kwao." Sikulitaja.

Kisha ikaja boti.

Bwana Mkubwa alikuwa na wenzake Mombasa waliokuwa wakishindana kwa boti za kasi, naye alitaka kuwashinda. Alileta boti ya mbao, nyembamba na ndefu, iliyopakwa vanishi ikang'aa kama kiatu cha polisi, na akataka iwekwe injini kubwa iliyotolewa kwenye gari la jeshi lililouzwa baada ya vita. Fundi aliifumua injini ile yote. Alichonga hapa, akapanua pale, akaifunga upya, mpaka ikawa na nguvu ambayo haikuzaliwa nayo. Walikwenda kuijaribu Ziwa Jipe, chini ya milima ya Upare, mahali palipokuwa na maji wazi katikati ya mafunjo. Mwakio alitolewa kwenye lori akafanywa dereva wa boti, kwa kuwa alikuwa na mkono mwepesi na hakuogopa maji.

Fundi aliyaogopa. Mtu wa pwani, na hakuwahi kukanyaga ndani ya boti ile ikiwa majini. Ziwa lenyewe aliliita "dimbwi." Alisimama ukingoni, palipokauka kabisa, akisikiliza mlio na kumpungia Mwakio kitambaa: ongeza, punguza, rudi. Aliyejaribu kumtania juu ya hilo hakurudia.

Shida ya injini ile ilikuwa njia ya kutolea mvuke. Niliielewa mezani kwangu, kwa sababu ndipo walipoibishania, na Mwakio alinifafanulia kwa birika. Moto unaowaka juu ya pistoni haukai wote juu. Kidogo hupenya pembeni ukashuka kwenye tumbo la injini, kule kwenye oili. Injini ya kawaida hupenyeza kidogo. Hii iliyochochewa ilipenyeza mwingi. Mvuke huo una oili na petroli ndani yake, na lazima upewe pa kutokea. Ukiuziba ni kama kuziba mdomo wa birika linalochemka: kifuniko kitaruka.

Mwanzoni Fundi aliacha bomba fupi, wazi, kama la lori. Lakini chini ya lori hupita upepo wa barabara unaofagia kila kitu. Chini ya sakafu ya boti hakuna upepo. Mvuke ulishuka ukalala pale, na Mwakio akawa anarudi nyumbani kichwa kinamgonga, anatapika nje ya mlango. Oili nayo ilirukia viti, na siku moja ikarukia suruali nyeupe ya Bwana Mkubwa. Ndipo Fundi akalielekeza bomba kwenye ekzosi, ili moshi unaotoka kwa kasi uuvute na ule mvuke. Hilo lilikwenda vizuri mpaka Mwakio alipopunguza mwendo ghafla. Ekzosi ya boti hupoozwa kwa maji, na maji yale yalirudi nyuma kupitia bomba yakaingia kwenye oili, ikawa rangi ya chai ya maziwa. Ikabidi injini yote ifunguliwe tena.

"Litoe nje kabisa," Mwakio alisema siku ile walipoketi kwetu, wote wawili wamechoka. "Lipite ubavuni mwa boti. Katikati weka kopo, ulijaze waya laini, lishike oili. Hewa itatoka, oili itabaki."

"Bwana Mkubwa amekataa," Fundi alijibu. "Asema boti yake si jiko, haiwekwi bomba la moshi."

"Sasa tutafanya nini?"

"Mpira. Watoka tumboni waenda mdomoni mwa kabureta. Injini yameza moshi wake yenyewe. Hakuna doa, hakuna harufu, hakuna bomba la kumkera mtu."

Mwakio alifikiri. "Na ikikohoa? Moto ukirudi kwenye kabureta, si utaufuata mpira mpaka tumboni?"

"Injini niliyoifunga mimi haikohoi."

"Weka hata wavu wa shaba ndani ya mpira, Fundi. Moto usipite."

"Wavu utaziba kwa oili. Wewe endesha, mwanangu. Kufunga niachie mimi."

Mpira ukafungwa, bila wavu. Bwana Mkubwa alifurahi sana kuona boti haina doa, akamsifu Fundi mbele ya kila mtu, kisha akaalika wageni waje Jipe Jumapili kuitazama kabla haijapelekwa Mombasa. Mwakio angezunguka kwanza kuipasha moto injini, halafu Bwana Mkubwa angepanda mwenyewe na mkewe.

Jumapili ile nilikuwapo. Sisi wanawake watatu wa laini tulipakiwa kwenye lori na vyakula. Wageni waliketi kwenye viti vya turubai, na boti ilikuwa imefungwa kwenye gati dogo la mbao. Nilikwenda gatini kumpa Mwakio chakula chake. Nilimkuta amefungua kifuniko cha injini, ameinama. Akasimama wima polepole, akaita bila kupaza sauti:

"Fundi. Kuna petroli huku chini. Inanuka."

Fundi alikuja. Alipiga goti kwenye ubao wa gati, akanyoosha shingo juu ya injini, akafumba macho na kuvuta pumzi. Hakuwa na haraka. Mimi nimesimama pale na kikapu mkononi, harufu ile imenifikia hata mimi, na nikijua kwamba yeye hapati kitu. Nilimtazama Mwakio. Mwakio alinitazama.

"Hakuna harufu," Fundi alisema. "Ni nguo zako hizo."

"Ipo, Fundi."

"Nasema hakuna. Washa."

Wageni walikuwa wameanza kugeuza vichwa. Bwana Mkubwa alitazama saa yake. Mwakio angeweza kusema wakati ule ule kwamba pua ya mtu huyu imekufa. Nilimwona analifikiria neno lenyewe, liko mdomoni, na nikamwona analimeza. Akasema:

"Sawa. Kama hakuna harufu, panda twende wote."

Fundi aliyatazama maji. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Alivua viatu vyake, akaviweka pamoja kwenye ubao kama mtu anayeingia msikitini, akapanda.

Injini iliwaka. Hakuna kilichotokea, na kwa muda mfupi nilidhani kwamba labda sisi ndio tuliokosea. Boti ilitoka gatini, ikainua pua, mlio ukajaa bonde lote na ndege wakaruka kutoka kwenye mafunjo. Niliweza kumwona Fundi ameshika benchi kwa mikono yote miwili, kichwa ameinamisha. Wageni walipiga makofi. Boti ikafika mbali, ikaanza kugeuka karibu na matete, na hapo kichwa cha kiboko kikaibuka mbele yao.

Mwakio alipunguza mwendo ghafla. Injini ikakohoa mara moja, kavu. Halafu ukaja mshindo, nikausikia kifuani kabla ya masikioni, na kifuniko cha injini kikapaa juu kikipinduka angani.

Katika jua la mchana ule moto haukuonekana rangi yake. Niliona tu hewa inatetemeka juu ya boti, na Mwakio ametupwa mbele, shati linawaka. Alijimwagia maji akalizima. Lakini bilula ya petroli ilikuwa nyuma, chini ya benchi, ng'ambo ya moto, na ilikuwa wazi. Tangi lote lingemwagikia pale. Mwakio hakuweza kupita. Kuruka majini, kiboko yuko pale pale, na Fundi hajui kuogelea.

Hayo mengine niliambiwa na Mwakio. Alisema Fundi aliachia benchi. Alisema Bismillahi, kwa sauti ya kawaida kabisa, akaingiza mkono wake wa kulia ndani ya moto mpaka kwenye kiwiko, akaitafuta bilula. Alikuwa ameiweka yeye mwenyewe, alijua ilipo. Ilikuwa imeshika kwa joto. Aliizungusha, ikakataa, akaizungusha tena, na hakuutoa mkono mpaka ilipofunga. Ndipo Mwakio akapata nafasi ya kutupia magunia yaliyolowa juu ya injini. Wavuvi waliokuwa kwenye mitumbwi ndani ya matete walikuja wakawavuta hadi nchi kavu.

Fundi alishuka bila kutoa sauti. Mkono wake siwezi kuueleza. Mwakio aliungua bega na sikio, yote yakapona. Mume wangu yuko hai kwa sababu ya mkono ule. Nimelisema hilo kila mahali, na nalisema hapa kabla sijasema lililofuata.

Fundi alipotoka hospitali, mkono umefungwa bendeji, Bwana Mkubwa alituita mbele ya gereji. Alikuwa na bastola kiunoni, kama wazungu wengi wa mashambani wakati ule, na uso wake ulikuwa mwekundu. Boti ilikuwa imelazwa kwenye magogo, nyeusi upande mmoja. Aliitazama hiyo kwanza, ndipo akatutazama sisi.

"Nani nawasha hii injini?"

"Ni mimi, Bwana," Mwakio alisema. "Lakini kabla sijawasha nilimwambia Fundi kuna harufu ya petroli."

Bwana Mkubwa alimgeukia Fundi. "Yeye nasema kweli? Iko harufu?"

Watu wote wa gereji walikuwa pale, na wake zao. Fundi alitazama ardhi. Mwakio hakuwa na hasira usoni, alikuwa akimngoja tu, kama alivyomngoja mezani amalize kunywa chai.

"Fundi," alisema. "Mwambie."

Bwana Mkubwa akagonga ardhi kwa kiatu. Kisha Fundi akasema, "Sikusikia harufu, Bwana."

Neno lenyewe lilikuwa la kweli. Hakuongeza, hakupunguza. Lakini Bwana Mkubwa alichokisikia ni kwamba harufu haikuwapo, kwamba dereva wake ni mwongo aliyewasha injini bila kuikagua, na karibu amchome moto yeye na mkewe. Mwakio alifukuzwa kazi papo hapo. Mimi nilipiga hatua mbele. Nilikuwa na maneno yote tayari: maziwa, macho yaliyofumbwa, kila kitu. Mwakio akanishika kiwiko.

"Utazame mkono wake, Mama Wakesho," alinong'ona. "Utazame tu."

Niliutazama. Nikarudi nyuma.

Tulipofunga mizigo hakuna kilichosikika ng'ambo ya ukuta. Najua Fundi alikuwamo ndani, maana viatu vyake vilikuwa mlangoni. Hakutoka kutuaga, wala sikwenda kumbishia hodi. Tulipanda treni mpaka Mwatate, tukapanda milima hadi Chawia, kwa wakwe zangu, na Mwakio akashika jembe.

Alilima vizuri. Mahindi na maharagwe yetu hayakuwa na la kuaibisha. Lakini lori lilipopanda barabara ya chini kule alisimama, akasikiliza mpaka lilipobadilisha gia kwenye kona, ndipo akaendelea kulima. Hakusema chochote juu ya Fundi, na mimi nilipoanza kusema alitoka nje. Sikujua nimwombee mtu yule au nimlaani. Kuna Jumapili nilipiga magoti nikafanya yote mawili katika sala moja.

Wakesho alikuwa amekwisha kuanza shule nilipomwona Fundi kwa mara ya mwisho. Nilishuka Voi kumpokea dada yangu aliyekuwa akitoka Mombasa, na treni ikachelewa. Jua lilikuwa kali. Nikazunguka nyuma ya maduka kutafuta kivuli, nikafika kwenye kinu cha posho cha Mhindi mmoja. Wanawake walikuwa kwenye foleni na madebe yao ya mahindi, na kinu kimenyamaza. Ndani mtu alikuwa akigombeza nati.

Alikuwa ameketi juu ya boksi mbele ya injini iliyofunguliwa. Ndevu zilikuwa zimekuwa nyeupe. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimejikunja vikashikana, na alikuwa amebana spana kwa mkono wa kushoto, akizuia nati kwa goti, na nati inamponyoka. Aliinua macho akaniona. Akasimama.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mama Wakesho."

Alifuta boksi jingine kwa kitambaa, nikakaa. Sikujua pa kuanzia, kwa hiyo nikauliza alitoka lini kule shambani.

"Nilifukuzwa. Mwaka uliofuata baada yenu."

"Kwa nini?"

Alizungusha spana mkononi. "Boti ilitengenezwa. Akaletwa dereva mwingine, mtu wa Kishushe, hata nilikuwa simjui vizuri. Bwana Mkubwa ataka mpira ufungwe vile vile. Nikakataa. Akaniuliza mbona, wakati ule ulikubali. Basi nikamwambia. Mbele ya watu, pale pale gereji. Nikasema harufu ilikuwapo siku ile, na dereva alisema kweli. Nikasema pua hii haisikii kitu tangu nilipokuwa bandarini. Aliogopa, akaniacha nifunge bomba nitakavyo. Nilipomaliza akaniambia nisionekane tena kwake."

Mwanamke mmoja wa foleni alichungulia kuuliza kama kinu kitasaga leo. "Ngoja, bibi," Fundi alimwambia, bila ukali.

"Na kwetu je?" nilimwuliza. "Chawia si mbali hivyo. Ungekuja. Ungetuma hata mtu."

"Ningekuja kusema nini, Mama Wakesho?" Sasa alinitazama usoni. "Kwamba mtu nisiyemjua nilimwonea huruma, na mumeo, niliyekula kwake, sikumwonea?"

Treni ilipiga honi kule ng'ambo ya mabehewa, nikainuka. Nilitaka kusema kitu juu ya mkono ule na bilula ile, kwamba hatujasahau, lakini shukrani na lawama zilinijia pamoja. Nikasema, "Mungu akuweke."

"Amin," alisema. Hakumtumia Mwakio salamu. Nadhani alihofu hazitapokewa.

Kesho yake nilimkuta Mwakio shambani nikamweleza yote, neno kwa neno, mpaka lile la mwisho. Alisikiliza ameegemea mpini wa jembe. Nilingoja hasira, au nafuu, au hata kilio. Nilikuwa tayari kwa lolote. Alitazama chini, kule nyika inakoanzia.

"Na bomba?" aliuliza. "Mwishowe aliliweka wapi?"

"Sikumwuliza."

"Hukumwuliza," alisema, kama niliyetumwa chumvi sokoni nikarudi bila chumvi.

Asubuhi iliyofuata alivaa viatu, akateremka mlima kabla uji haujaiva. Alirudi siku iliyofuata, mchana. Nilimtilia maji kwenye karai, akakaa mlangoni kunawa.

"Alisemaje?" nilimwuliza.

"Aliliweka nje. Ubavuni. Na kopo katikati, limejaa waya."

"Kama ulivyosema wewe."

"Kopo lake ni kubwa kuliko nililosema. Ni bora hivyo."

"Na mlizungumza hayo tu, mchana wote na asubuhi yote?"

Alisugua mikono kwa sabuni, akaitazama, akasugua tena. "Kulikuwa na injini ya kinu imefunguliwa," alisema. "Hawezi kushika nati na mkono ule. Nikamshikia."

Weusi wa oili ulikuwa umeingia chini ya kucha na haukutoka kwa sabuni ile. Haukutoka hata kwa mchanga. Jumapili alikwenda nao kanisani, akashika kitabu cha nyimbo mbele ya watu wote, na sikumwambia aifiche mikono.